Zamu Ngapi kwa Mechi Moja?
Mazungumzo ya jioni, ukumbi wa Ngome, Lamu

Assalaam aleikum. Wazee wangu, nawaamkua. Vijana mliokosa viti mkakaa sakafuni, niwieni radhi, nilidhani tutakuwa ile ligi yetu ya watu kumi na mbili peke yake.

Nianze kwa kuungama. Msimu uliopita timu yangu ndiyo iliyokuwa bora kwenye ligi yetu ya mpira wa kikapu, ule wa kwenye simu, na mliomo humu mnajua. Nilikuwa na namba tano, yule anayesimama karibu na kikapu, mrefu kama mlingoti, nimemnunua kwa karibu fedha zote za msimu. Fainali nikakutana na timu iliyomaliza ya saba. Nikafungua ukurasa wa mbinu, nikachagua mpira upelekwe ndani, mwendo wa polepole. Kwa nini? Kwa sababu nina mrefu, basi. Nikaenda kulala. Naamka alfajiri nachungulia simu: 58 kwa 61, nimefungwa. (Kicheko.) Aliyenifunga ndiye anayecheka zaidi.

Wazee ambao hamuujui mchezo huu, hakuna anayeshika mpira. Wewe ndiwe kocha na ndiwe mwenye timu: unanunua wachezaji, unawafunza, na kabla ya mechi unasema watashambulia vipi, watalinda vipi, na wajitume kiasi gani. Baada ya hapo kompyuta inaicheza mechi yenyewe. Wewe umekaa pwani kama mwenye jahazi, chombo kimekwisha tweka tanga na nahodha hakusikii tena.

Siku ile asubuhi nilikwenda barazani kulalamika. Yuko mzee wetu pale, fundi wa bao, kikapu hakijui hata kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kete ziko mkononi, akaniuliza: "Mumeteza mara ngapi?" Nikamwambia mara moja tu, fainali ni moja. Akasema: "Mimi nawe tukiteza bao moja, waweza kunipata. Tukiteza hata magharibi, hunipati." Akaendelea kunamua kete zake kana kwamba hakusema kitu.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Tuseme mzee huyu ananifunga mara 6 katika 10. Kwa kweli ni zaidi, lakini nihifadhieni heshima yangu. Tukicheza bao moja, nina nafasi 40 katika 100. Tukicheza matatu, mwenye mawili ameshinda, nafasi yangu inashuka hadi 35. Tukicheza tisa, mwenye matano ameshinda, nabaki na 27 hivi. Mzee hakuongeza ujuzi hata wa kete moja, wala mimi sikupoteza. Kilichoongezeka ni idadi tu.

Sasa leteni hesabu hiyo uwanjani. Kila timu inaposhika mpira mpaka ukatoka mikononi mwake, hiyo ni zamu moja, na kila zamu ni kijibao kidogo cha kubahatisha. NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, siku hizi kila timu hupata zamu karibu 100 kwa mechi. Ukicheza haraka, zamu zinakuwa nyingi, na aliye bora anajitokeza. Ukicheza polepole zinapungua, na bahati inapata mahali pa kukaa. Mimi niliyekuwa na nguvu nilimpunguzia mnyonge zamu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimfungulia mlango, nikamwekea na mkeka.

Na msidhani haya ni mambo ya simu tu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis kucheza na Lakers. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la zama zile, hapana wa kumzuia. Pistons wakaona dawa ni kutompa mpira kabisa. Wakaushika. Wakapasiana, wakasimama nao, watazamaji wakazomea, wao wakausimamia vilevile. Mechi ikaisha 19 kwa 18, Pistons wameshinda ugenini. Pointi 37 kwa timu mbili! Katika zile 18 za Lakers, 15 ni za Mikan. Mpaka leo hakuna mechi ya NBA iliyokuwa na pointi chache kuliko ile.

Watu walichukia, na wenye timu waliona watakosa wa kuwakatia tiketi. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akaleta hesabu yake: mechi nzuri ina mitupo kama 60 kila upande, jumla 120. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawa kwa 120, unapata 24. Tangu msimu wa 1954 NBA ikawa na saa ya sekunde 24, mpira uwe umekwisha tupwa. Tazameni mambo hayo: silaha ya mnyonge ilikuwa kali hata ikabidi itungiwe sheria. Nami nilikuwa nayo kwenye simu, nikaielekeza tumboni mwangu.

Kuna kijana kanidakia mlangoni: basi kila mnyonge ashike mpira tu? Hapana, na hapa ndipo wengi wetu huumia. Kupunguza mwendo si kukaa na mpira mpaka saa ikaribie kulia, halafu mtu aurushe akiwa kabanwa. Huo ni mtupo mbovu, umeungoja tu. Machi 1996, mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, Princeton walikutana na UCLA, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia. Kocha wa Princeton, Pete Carril, alikuwa amekwisha tangaza kwamba anastaafu. Saa ya vyuo wakati ule ilikuwa sekunde 35, na Princeton walizitumia kwelikweli: pasi, hatua, pasi, namba tano amesimama juu karibu na mstari wa mitupo huru, mpira mkononi, anatazama nani amemtoka mlinzi wake.

Wamefungana 41 kwa 41, zimebaki sekunde chache. Gabe Lewullis, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anajifanya anatoka nje kupokea. Mlinzi anamfuata nje. Lewullis anageuka anakata mgongoni mwa mlinzi, Steve Goodrich anampigia pasi ya kudundisha, mpira unagonga ubao, ndani. 43 kwa 41. Ile ndiyo subira inayosemwa: wanaokimbia ni watu, mpira haupapatiki.

Kwa hiyo kwenye mchezo wetu, kabla hujachagua mwendo wa polepole, usimtazame namba tano. Tazama pasi za wote watano. Akiwamo mmoja asiyejua kupasi, mpira utakwama kwake na sekunde zitaishia mikononi mwake. Na ukichagua haraka, tazama pumzi, tena na za walio benchi, maana robo ya nne timu ya watu watano wazuri na watano magogo huanza kukokota miguu.

Ulinzi nitaupita mbio. Kanda ya mbili-tatu, walinzi wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja na eneo lake, inafunga ndani na kuacha pembe wazi kwa watupaji wa mbali, wale wa pointi tatu, nanyi mmelizwa nayo vya kutosha. Niseme hili moja tu: msibadilishe mbinu kila mkifungwa. Mtu kafungwa Jumanne, Alhamisi kageuza mashambulizi, ulinzi na kikosi kwa pamoja, akishinda hajui kilichomshindisha. Anayebadili farumi, tanga na nahodha siku moja, jahazi likienda vizuri atamshukuru nani?

Sasa mniruhusu, saa inakwenda. Ijumaa nina mechi, na safari hii mnyonge ni mimi. Namba tano nimemuuza, nimebaki na vijana wanaojua kupasi. Mmekwisha fahamu nitachagua nini. Tabu ni kwamba nitakayecheza naye amekaa safu ya pili hapo, ana kalamu na karatasi, tangu nianze kusema haachi kuandika. (Kicheko.) Akiwa mwerevu ataweka ulinzi wa kubana uwanja mzima ili mwendo uongezeke, nitake nisitake. Basi itanibidi niongeze mtu wa pili wa kupandisha mpira na nimtoe mtupaji wangu mmoja. Au nimwache abane, nitumaini watu wake watachoka kabla ya wangu.

Ukurasa unafungwa Ijumaa saa mbili usiku. Bado sijaamua.