Toba yenye hesabu: Zakayo, ng'ombe wa wizi na sehemu ya tano

MWINJILISTI: Mbukwenyi, wapendwa. Bwana Yesu asifiwe! Tuko hapa Dodoma. Kipindi kilichopita tulimalizia dhambi, leo ni toba, na Mama Mchungaji amekuja na hesabu.

MAMA MCHUNGAJI: Amina. Nimekuja nayo kwa sababu machozi tunayo mengi, na mali ya watu bado imo ndani. Chukua mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa aliyechezea mizani. Mkulima analeta kilo 103, mizani inasoma 100. Kwenye magunia 40 ameshakula kilo 120. Bei tuseme ni shilingi 600 kwa kilo: hizo ni 72,000. Jumapili anapita mbele, anaongozwa sala ya toba. Zile 72,000 ziko wapi?

MWINJILISTI: Mfukoni mwake. Na Hesabu 5:7 inataka aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Tano ya 72,000 ni 14,400. Jumla 86,400, na anayepokea ni yule aliyekosewa.

MAMA MCHUNGAJI: Aliyekosewa! Hapo ndipo wengi wanakwepa. Mtu anaona aibu kumkabili mkulima, basi fedha anaitia kwenye kapu la sadaka. Deni la mkulima liko palepale. Mstari wa 8 unampa kuhani fedha hiyo pale tu ambapo mwenye mali hayupo na hana jamaa wa kulipwa. Akiwa amefariki, watafute ndugu zake.

MWINJILISTI: Kwenye Kutoka 22 kuna jambo ambalo kwa mfugaji wa Kigogo halihitaji ufafanuzi. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamuuza, analipa ng'ombe watano. Kondoo, wanne. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, analipa wawili. Sasa linganisha na anayejileta mwenyewe kuungama: alichochukua na sehemu ya tano, basi. Njia ya kurudi imefanywa nyepesi makusudi.

MAMA MCHUNGAJI: Na bado Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, alichagua kurudisha mara nne, wakati hakuna aliyemshika! Lakini soma Luka 19 kwa mpangilio wake. Yesu alimwita ashuke mkuyuni, akasema leo nitakaa kwako, kabla Zakayo hajataja hata senti. Neema ilitangulia. Hakuna anayenunua wokovu kwa 86,400. Yule mhalifu msalabani hakuwa na nafasi ya kurudisha chochote, na aliahidiwa peponi siku ileile. Ila wewe unayeweza kwenda Kibaigwa kwa basi usijifiche nyuma yake.

MWINJILISTI: Nikuulize, Mama. Tunawakataza watu kusema "kama nimekukosea, nisamehe". Mbona Zakayo naye alisema "ikiwa nimenyang'anya mtu"?

MAMA MCHUNGAJI: "Ikiwa" ya Zakayo ilikuwa na mara nne nyuma yake, ikamfungulia mlango kila mwenye dai. "Kama" yetu inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Kwa hiyo taja kosa lenyewe: "Msimu uliopita nilikupunja kilo tatu kila gunia, magunia arobaini. Fedha yako hii hapa." Halafu nyamaza. Usianze habari za ada ya watoto. Wala usimdai msamaha papo hapo. Huo utatoka kwake kwa wakati wake.

MWINJILISTI: Na asiye na fedha yote?

MAMA MCHUNGAJI: Aende hivyohivyo, na alichonacho. Kilichobaki waandikiane tarehe, mzee wa kanisa awe shahidi. Akisubiri zitimie, msimu utapita na moyo utakuwa umeshazoea.

MWINJILISTI: Tuguse maungamo yanayoharibu. Mtu anashika kipaza sauti, anaungama uzinzi, anamtaja na mwenzake kwa jina. Zaburi 51 ni toba ya Daudi, na ndani ya sala yenyewe hamtaji Bathsheba aliyezini naye. Ungama yako, ya mwenzako ataiungama mwenyewe.

MAMA MCHUNGAJI: Kosa la siri liende kwa Mungu na kwa aliyekosewa, mchungaji akisaidia. Lakini kosa alilotendewa mtoto halimalizwi ofisini kwa mchungaji. Linafika polisi, hata kama mtendaji amelia sana.

MWINJILISTI: Yuda aliyemsaliti Yesu naye alijuta. Alirudisha vipande vyote 30 vya fedha na kukiri kwamba amekosa.

MAMA MCHUNGAJI: Kiasi kamili, hakuna kilichopungua. Lakini aliwapelekea makuhani, nao wakamwambia hayo ni yako mwenyewe. Kwa Yesu hakurudi. Petro, aliyemkana Yesu, alilia kwa uchungu, na baadaye tunamkuta ufukweni akiulizwa na Yesu mara tatu, "Wanipenda?" Ndiyo maana namsihi msikilizaji: usiende kulipa kabla hujaomba.

MWINJILISTI: Na ile mizani?

MAMA MCHUNGAJI: Aipeleke kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe kabla gunia la kwanza la msimu halijapandishwa juu yake.