Kiuno cha Nani? Warsha za Miondoko na Uporaji wa Utamaduni

Asanteni, kaeni. Najua mmetoka mazoezini mmechoka, na wengine mmeshanisikia nikisema haya haya. Nitayasema tena, maana kila warsha ya miondoko ninayoalikwa nakuta mambo ni yale yale.

Ukitaja uporaji wa utamaduni, mawazo ya watu yanaruka moja kwa moja hadi Ulaya: mbunifu wa mitindo kachukua shanga za Wamasai, basi tunawaka. Sawa, hayo yapo. Leo mimi naanzia hapa hapa, kwenye sakafu hii mnayoitolea jasho.

Nilipokuwa mwanafunzi tuliletewa mwalimu mgeni. Mtu mzuri, mchangamfu. Akawasha spika, ikatoka ngoma ya kurekodi, akatuambia tufumbe macho, tulegeze magoti, tuache viuno vitiririke. Eti huo ni mwendo wa asili wa Kiafrika, kila mmoja wetu anao mwilini. Tukatiririka! Mwenzetu mmoja, Mmakonde wa Newala, alibaki ukutani amekunja mikono kifuani. Mwalimu akadhani anaona haya, akamfuata, akamsihi ajiachie. Kijana akajibu kwa upole kabisa: “Samahani mwalimu, hicho ni kipande cha Sindimba, ngoma ya kwetu Wamakonde, na kimekatwa vibaya. Kule hatujiachii. Ngoma ndogo inaita, kiuno kinaitika. Hapa hakuna anayeita.”

Mwalimu akazima spika. Tukakaa chini duara, mjadala ukawaka hadi chakula cha mchana kikapoa. Wapo walioshikilia kwamba miondoko haina mwenyewe, mwili ni mwili tu. Dada mmoja akawauliza: mbona bibi yangu akiwa unyagoni wanaume wanafukuzwa? Kama haina mwenyewe, mlango unafungwa wa nini? Kimya. Mimi nalitembeza swali hilo mpaka leo na sijapata wa kulijibu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Jioni ile ile, wanafunzi wale wale, tukafanya mazoezi ya Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Majembe ya plaiwudi, mtu anarusha jembe kama yuko kwenye sarakasi, Msukuma hata mmoja hayupo chumbani, na hakuna aliyeuliza kitu. Mgeni tunamhoji, sisi kwa sisi tunasameheana. Ugomvi wangu uko hapo.

Maana Sindimba hakuanza mgeni kuikata. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akalalamika kwamba wasomi wetu wanajua rumba na twist lakini ngoma zetu kama Gombe Sugu na Lele Mama hawazijui. Nia ilikuwa njema. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, Sindimba ikatolewa kusini, duara likafunguliwa likawa mistari, nyuso zikageuzwa kuelekea watazamaji. Ngoma iliyofungamana na jando na unyago ikawa ya kufurahishia wageni wa serikali. Watu wakagombana magazetini kama viuno vile ni aibu ama fahari. Heshima ya taifa ilijadiliwa weee, haki ya Mmakonde ikakaa pembeni.

Najua kuna anayenung'unika: kwa hiyo Mchaga asicheze Sindimba? Acheze! Nani kakataza? Pale Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni cha Nairobi, tangu miaka ya sabini, kucheza ngoma za makabila mengine ndiyo kazi. Na beni je? Miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walitwaa gwaride na matarumbeta ya Wazungu, wakashindana nayo mitaani, ikaenea hadi Tanganyika na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Mnataka kuniambia hao nao waliwapora Waingereza? Aliyetawaliwa akichukua gwaride la mtawala hana uwezo wa kumfukuza mtawala uwanjani. Mwenye pesa, pasipoti na kamera akichukua ngoma ya Newala, uwezo huo anao. Atafundisha yeye, atalipwa yeye, na siku mzee wa Newala akienda kuomba nafasi ya kufundisha ngoma yake ataulizwa cheti.

Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar? Naam, huwa natupiwa hilo: mbona alipanda jukwaani na ngoma ya unyago? Jamani, Bi Kidude alikuwa kungwi mwenyewe, mfundaji wa wari. Ufunguo ulikuwa wake, na cha kuacha nyuma ya mlango alikijua. Wewe wa mwaka wa kwanza ufunguo umepewa na nani?

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka niseme habari ya Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tuiache. Sheria pia: Kenya wana ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, someni wenyewe. Ila hili siliachi: mkiandaa onyesho, mzee aliyewafundisha jina lake liandikwe kwenye ratiba, mahali pale pale linapoandikwa la mwongozaji. Nauli yake na posho yake zitoke kwanza, kanga za sare baadaye. Asipokuwepo mzee, semeni wazi mliitoa wapi, hata kama ni kwenye video ya simu. Na akisema kipande hiki hakitoki nje, hakitoki. Msimbembeleze.

Maswali. Wewe wa nyuma, unayetikisa kichwa tangu nilipomtaja Bi Kidude, anza.