Kihisi Kinapodanganya: Joto na Volti kwenye Linux

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni zile namba za ajabu za joto na volti kwenye Linux: unaandika amri ya sensors, skrini inasema nyuzi 127, kesi ukiigusa ni ya baridi. Na vifaa vinavyopima hayo tutaviita "vihisi", kaka Yohana, maana ukitamka "sensa" watu wanaanza kutafuta makarani wa kuhesabu kaya.

YOHANA: Vihisi basi. Kabla ya amri yoyote, pima joto la chumba. Kompyuta inayopozwa kwa feni haiwezi kushuka chini ya hewa inayoivuta. Mchana wa Novemba hapa Dodoma, chumba kiko nyuzi 30. Ukiona acpitz, yaani kipimo kinachotoka kwenye BIOS, inasema 16.8, na haitikisiki asubuhi wala jioni, hicho si kipimo. Mtengenezaji ameiandika namba hiyo ndani ya BIOS, programu inayowasha kompyuta. Achana nayo.

NEEMA: Na hiyo 127, au hasi 128?

YOHANA: Hapo chipu ya vipimo kwenye madabodi ina mguu usiounganishwa na kitu. Chipu za Nuvoton, zile za draiva ya nct6775, zina viingilio vingi kuliko vihisi vilivyofungwa kwenye madabodi. AUXTIN, kiingilio cha ziada cha joto, ndiyo mkorofi zaidi. Mara nyingine hata CPUTIN, ingawa jina lake linakushawishi kuwa ndilo joto la prosesa.

NEEMA: Joto la prosesa lenyewe tulitafute wapi?

YOHANA: Coretemp kama ni Intel, k10temp kama ni AMD. Hizo ni draiva za vihisi vilivyomo ndani ya prosesa. Ila navyo vina tabia zao. Cha Intel hupima umbali uliobaki kufika kikomo, yaani TjMax, kisha draiva inautoa kwenye kikomo hicho. Karibu na kikomo kinaaminika. Prosesa ikiwa imepoa, kinaweza kukosea nyuzi kadhaa. Na kwa Core 2 za zamani, keneli, yaani kiini cha Linux, wakati mwingine inakisia TjMax. Ikikisia 100 mahali pa 85, unasoma nyuzi 15 ambazo hazipo.

NEEMA: Na prosesa za AMD, Ryzen je?

YOHANA: 1700X na 1800X, Tctl imeongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, 2700X, nyuzi 10. Ni namba ya kuendeshea feni. Wewe soma Tdie, ndiyo joto halisi la prosesa.

NEEMA: Kumbe mtu anang'oa hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa, na kupaka pesti mpya bure!

YOHANA: Bure kabisa. Afanye jaribio kwanza. Terminali moja, watch -n 1 sensors. Nyingine, ya kuibebesha prosesa mzigo, stress-ng --cpu 0 --timeout 120. Kihisi cha prosesa kinaruka papo hapo, na mzigo ukiisha kinaanguka. Sasa kikipanda mpaka 95 huku feni zinalia, hapo hakuna uongo, dada. Ni vumbi letu hili. Fungua, pulizia hitsinki, na feni uishike kwa kidole isizunguke.

NEEMA: Twende kwenye volti. Mtu anaona 1.008 mahali alipotegemea 12.

YOHANA: Chipu zile za Nuvoton hazipokei zaidi ya volti 2 hivi, kwa hiyo rezista kwenye madabodi zinaigawa volti 12 kabla haijafika. Linux haiujui mgawo huo. Chukua multimita: ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa pawasaplai, nyekundu kwenye waya wa njano. Ukipata 12.1, gawanya kwa 1.008: mgawo ni 12. Kisha unda faili /etc/sensors.d/bodi.conf; label ni jina, compute ni kuzidisha kwa mgawo, ignore ni kuficha kihisi cha uongo:

chip "nct6798-*"
    label in4 "+12V"
    compute in4 @*12, @/12
    ignore temp3

NEEMA: Hayo majina, in4 na temp3, ameyatoa wapi?

YOHANA: Kwenye sensors -u. Na asinakili faili la mwenye bodi nyingine. Mgawo hubadilika kutoka bodi hadi bodi, hata chipu ikiwa ileile. Halafu kuna jambo linalowatisha wengi: chipu inasoma kwa hatua za milivolti 8. Zidisha kwa 12, unapata 96. Ndiyo maana namba inaruka kutoka 12.10 hadi 12.00 bila kupitia katikati. Pawasaplai haifi. ATX, kiwango cha pawasaplai za kompyuta, inaruhusu kuanzia 11.40 hadi 12.60.

NEEMA: Na neno ALARM pembeni?

YOHANA: Angalia min na max, yaani vikomo vya chini na vya juu. Zikiwa sifuri zote, hakuna aliyeweka vikomo. Viweke kwa set kwenye faili lilelile, kisha sudo sensors -s.

NEEMA: La mwisho: skripti ilisoma hwmon2, moja ya folda za vihisi ndani ya Linux, vizuri, kompyuta ikawashwa upya, sasa inaleta joto la diski.

YOHANA: Namba za hwmon hugawiwa kufuata draiva iliyotangulia kuamka. Skripti ipite kila folda ndani ya /sys/class/hwmon, isome faili la name, ikikuta coretemp ndipo ichukue temp1_input. Na igawanye kwa 1000. 45000 ni nyuzi 45.