Deni la Ugali

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliomaliza kidato cha sita,

Nimepewa dakika thelathini nizungumzie namna ya kulipia elimu ya juu, na wanaonifahamu hapa Tabora wanajua kwamba nitazimaliza karibu zote kwa jambo moja. Sitaeleza Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni kitu gani, wala fomu hujazwaje, kwa sababu vijana wanayajua hayo kuliko mimi. Nimekuja na swali ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sijamsikia mzazi akimuuliza mwanawe: siku utakayovaa joho, utakuwa unadaiwa kiasi gani?

Mwanzoni mwa 2017 mtoto wa dada yangu, mwalimu wa sekondari, alinijia nyumbani akiwa na hati yake ya mshahara, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 716,000. Sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka uliotangulia, na makato ya mkopo wa elimu ya juu yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hata kwa wale waliosaini fomu zao enzi za asilimia 8. Kwa hiyo aliyezoea kukatwa 57,280 alijikuta anakatwa 107,400. Alikuja kulalamika, nami nilikuwa upande wake kabisa, kwa kuwa mkataba unaobadilika baada ya kusainiwa ni mkataba wa ajabu. Ndipo nikamuuliza, kwa nia njema tu, alikopa jumla ya kiasi gani.

Akaniambia, "Mjomba, sijui. Tulikuwa tunasaini tu."

Nadhani mnanielewa. Binti ana shahada, anafundisha hisabati, na hajui deni lake. Tulichukua kadi ya mchango wa harusi iliyokuwa mezani, tukaigeuza, tukaanza kuandika nyuma yake: ada mwaka wa kwanza, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na ile posho ya chakula na malazi wanayoiita bumu: bumu, bumu, bumu. Tulipojumlisha tukapata kama milioni tisa. Zama zile palikuwa pia na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na asilimia 6 ya milioni tisa ni 540,000, yaani 45,000 kila mwezi. Sasa nifuateni taratibu. Alipokuwa akikatwa 57,280, tozo peke yake ilimeza 45,000, na kilichopunguza deni lenyewe kilikuwa 12,280. Binti aliamini analipa mkopo, kumbe kwa sehemu kubwa alikuwa anaulisha tu usife. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaiomba ile kadi aende nayo.

Najua kuna mtu anataka kunikumbusha kwamba tozo hiyo imefutwa. Ni kweli, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza, na wafanyakazi wakashangilia, nami nikiwa mbele ya redio nilishangilia vilevile. Lakini furaha ile imetusahaulisha kwamba asilimia 15 haikuondoka na kwamba deni lenyewe lipo palepale. Zaidi ya hayo, kijana anayeingia chuoni leo anaambiwa mkopo hauna riba, naye kwa umri wake anasikia kwamba mkopo hauna uzito.

Turudi kwenye bumu, kwa maana hapo ndipo tunapodanganyana. Wazazi mkikutana mnalia na ada. Ada ya shahada nyingi katika vyuo vyetu vya umma ni kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, nami sisemi kwamba hizo ni fedha ndogo kwa mkulima wa Sikonge. Lakini hiyo posho ya chakula na malazi, tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku. Tuseme kijana analipwa kwa siku 240 za mwaka wa masomo: hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, na 7,200,000 kwa miaka mitatu. Basi lililo kubwa katika deni la mwanao si mihadhara ya profesa wala vitabu. Ni chumba cha kupanga na sahani ya wali maharage, naye atakuwa akiilipia sahani hiyo akiwa na watoto wawili. Mnacheka, lakini deni hili ni la ugali, na ugali ndicho kitu ambacho familia nyingi za mkoa huu zinaweza kukipunguza. Gunia la mchele na debe la maharage vikisafirishwa kwa basi kila muhula, kijana akapika na mwenzake chumbani, anaweza kuomba mkopo pungufu, au akaiweka sehemu ya bumu akiba ya kumsaidia miezi ile ya kuzunguka na bahasha akitafuta kazi. Badala yake tunamwona amerudi likizo na simu mpya, nasi tunamsifu kwamba anajua kujitafutia!

Kuna watakaosema, mwalimu, wewe ulisoma bure, una haki gani ya kutuhesabia sahani? Ni kweli nilisoma bure. Nilipewa hata waranti ya treni ya kunirudisha Tabora, na uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya tisini mwanzoni nikiwa tayari kazini. Ila msifikiri kwamba kizazi kilichosoma bure hakikudaiwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya, wakishahitimu, wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi kumi na minane. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na kwa hasira hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Deni lilikuwapo tangu zamani, ila wakati huo aliyedai alikuwa tayari kukatwa pia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kusema kwa kirefu kwamba utaratibu wetu wa urejeshaji uliundwa wakati ambapo shahada ilikuwa sawa na ajira, na kwamba leo anayelipa kwa uhakika ni yule tu anayefikiwa kirahisi kupitia mshahara, yaani mwalimu, muuguzi na karani, huku aliyefungua duka Kariakoo akisubiri atafutwe. Hilo nitalisema siku nyingine. Vyuo binafsi navyo, ambako ada inaweza kuwa mara mbili au zaidi, siwezi kuvimaliza kwa dakika tatu. Wenye ufaulu wa juu kabisa katika sayansi waulizie ufadhili wa Samia, kwa maana huo haurejeshwi.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hamjagusa fomu, kaeni baba, mama na kijana, mwandike nyuma ya kadi yoyote ya harusi, na hapa Tabora hazikosekani, gharama za miaka yote, zipi za nyumbani na zipi za mkopo. Kisha mchukue mshahara wa kuanzia wa kazi anayoisomea, mtafute asilimia 15 yake, mgawanye deni kwa kiasi hicho. Mtapata idadi ya miezi. Mtajieni mwanenu umri atakaokuwa nao mwezi wa mwisho.

Mtoto wa dada yangu alimaliza kulipa. Mwezi uliofuata alinipigia simu usiku, sauti imemkauka, akasema, "Mjomba, wamesahau kunikata, sijui niwaambie?"