Niko darini kwa mama, Kisauni: dishi, kebo na vya kutazama

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, na nyote mnaonitazama kutoka Kwale, Kilifi, Lamu mpaka Unguja. Mwasikia upepo huo? Leo siko Baltimore. Niko darini kwa mamangu, Kisauni, na hili hapa nyuma yangu ndilo dishi ninalolilipia kila mwezi tangu nipate kazi ya uuguzi kule Marekani. Miaka sita sasa. Nilikuja likizo Alhamisi, nikaingia sebuleni, nikamkuta mama amekaa mbele ya TV nyeusi yenye maandishi tu, rimoti mkononi. Nikamuuliza, "Mama, hii TV ina nini?" Akanijibu, "Haishiki." Tangu lini? Siku 19.

Siku 19, na kila Jumapili tukiongea kwa simu aniambia kila kitu ki sawa. Hakutaka kunisumbua. Mimi huku nalipa, kijana wa jirani aingiza ile pesa kwa M-Pesa, ujumbe waja kwamba malipo yamepokelewa, kumbe mamangu hana picha. Jamani, iliniuma. Mwanamke wa miaka 71, magoti hayamruhusu kutoka sana, starehe yake ni tamthilia ya jioni na habari za Kiswahili. Hana nyingine nje ya hiyo TV.

Sasa nisikilizeni, maana najua hili lawapata wengi. Alipiga simu ya huduma kwa wateja. Alisubiri mpaka salio likaisha. Akaweka salio tena. Wakamwambia zima dekoda, toa kadi, ipanguse, irudishe, ngoja dakika kadhaa. Akafanya. Akapiga tena, wakamwambia vilevile. Mara nne! Hakuna hata mmoja aliyesema tutume fundi aje alitazame dishi. Jina la kampuni silitaji, na sidhani kama ni moja tu yenye tabia hiyo. Ninachosema ni kwamba siku zilikuwa zinahesabiwa. Mwezi wao unaanza ukilipa, na hausimami kwa sababu wewe huoni kitu.

Fundi tulimwita wenyewe jana, kijana wa hapa Bakarani. Alipanda kwa ngazi ile mnayoiona, na haikumchukua hata nusu saa. Sogeeni niwaonyeshe. Hiki kichwa cha dishi, mafundi wakiita LNB, ndicho kinachopokea mawimbi. Hapa waya unapoingia pana kishikizo cha chuma. Kile cha zamani ninacho mfukoni, kitazameni: kijani kitupu. Hii ni kazi ya chumvi. Sisi tuko pwani, upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana, na aliyefunga dishi hili mara ya kwanza hakukivika hata mpira wa kukikinga. La pili ni kunguru. Kunguru wa Mombasa mwawajua, wakipata mahali pa kutua watatua kumi. Wamelikalia hili dishi mpaka limeinama kidogo, na setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hivyo kuinama kwa upana wa kidole hapa ni kuikosa kabisa kule. Fundi akabadilisha kishikizo, akakizungushia mpira, akalirudisha dishi mahali pake, akakaza skrubu. Shilingi 1,500. Ndiyo hiyo iliyomnyima mama siku 19.

Mvua ni jambo jingine, na hapo siwalaumu. Masika ikishuka ile ya Mei, matone yanayameza mawimbi njiani, picha yakatikakatika. Hiyo subiri, ikianuka itarudi. Ila ukiona kumeanuka, jua lawaka, na bado hakuna kitu, usikubali kuambiwa upanguse kadi mara ya tatu. Andika tarehe uliyopiga, dai namba ya malalamiko yako, omba siku zako zirudishwe. Mimi nimeandika barua, nimeweka tarehe zote nne. Nitawaambia wakijibu.

Na msidhani ughaibuni ni tofauti. Nilipofika Baltimore niliwekewa kebo, ile inayoingia kwa waya mpaka ndani ya nyumba. Bei niliyoambiwa ni dola 79 kwa mwezi. Bili ya kwanza ikaja na ada ya kukodi kisanduku, ada ya chaneli za mjini, ada ya michezo ya jimbo, nami mpira wa Kimarekani sijautazama hata siku moja. Mwaka ulipokwisha, ile bei ya kukaribishwa ikaisha nayo, bili ikafika dola 131. Nikapiga simu nikate. Nikahamishwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kukuzuia usiondoke, kila nikisema nataka kukata, ananipa kifurushi kingine. Dakika 50. Kisanduku nilikirudisha mwenyewe mkononi, na miezi miwili baadaye nikaletewa bili kwamba sijakirudisha. Alhamdulillahi risiti nilikuwa nayo. Mwaka 2024 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni ya kuzilazimu kampuni za kebo na setilaiti kuonyesha bei nzima bila kuificha kwenye ada ndogondogo. Mimi nilikuwa nimeshakata zamani.

Nilinunua antena. Dola 25, bapa kama kitabu, nikaibandika dirishani, na chaneli za mjini zote zikaja bure na picha safi kushinda ya kebo. Na hiki ndicho nilichomfanyia mama Ijumaa, kabla hata fundi hajaja. TV yake tumeinunua juzi juzi, na TV nyingi za siku hizi zina king'amuzi ndani, zile zilizoandikwa DVB-T2 kwenye boksi. Hazihitaji dekoda nyingine kwa chaneli za bure. Nilikwenda mjini nikanunua antena ya nje, tukaifunga kwenye mti huu, juu ya mabati, maana ikikaa chini ya mabati haishiki. Tukaielekeza walikoelekeza majirani. Kisha kwenye rimoti unaingia mahali pa kutafuta chaneli, unachagua antena, unaiacha itafute yenyewe. KBC, Citizen, NTV, KTN, zote zikaja. Hakuna wa kulipwa mwisho wa mwezi.

Mama alishangaa. Akaniambia alidhani antena zilikufa mwaka 2015. Mwakumbuka Februari ile ya kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilipozimika karibu wiki tatu kwa ule mvutano na mamlaka ya mawasiliano? Watu wengi walikimbilia dekoda za kulipia wakati ule, na hawajarudi nyuma kuuliza kama bado wanazihitaji. Kilichokufa ni analogi. Antena iko hai. Kwa hivyo kama kwenu mnatazama chaneli tano tu, na zote tano ni za bure, hebu kaeni chini mpige hesabu. Mama dishi nitamwachia kwa sababu apenda chaneli za dini na zile filamu za Kihindi. Lakini likizima tena, hatakaa gizani.

Haya, vya kutazama, maana najua ndicho wengi mlichokuja kusikiliza.

Kwa wazazi, na kwa nyumba nzima mkiwa mmekaa pamoja, kama hamkuitazama Sultana ya Citizen TV itafuteni. Ilianza 2022, baada ya Maria na Zora, na zote tatu zimetoka mikononi mwa Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla. Kisa ni cha binti asiyeona. Mimi kilichonishika ni mazungumzo: watu wanagombana kwa Kiswahili, wanabembelezana kwa Kiswahili, mama mkwe anamsema mtu kwa mafumbo na aliyesemwa anayaelewa. Nilikulia kwenye telenovela za Mexico, midomo inakwenda huku, sauti inakwenda kule. Kumwona mama akicheka kabla sentensi haijaisha, kwa sababu anajua inakoelekea, ni raha ambayo sikuwa nayo utotoni. Kasoro yake ni kuvutwa. Jambo la siku moja lakaa wiki, na mara nyingine watu wanarudia kuambiana tuliyokwisha kuyaona. Ivumilieni.

Kwa wanaopenda vita na farasi, Diriliş: Ertuğrul ya Waturuki, misimu mitano, 2014 hadi 2019. Ami yangu ameimaliza mara mbili. Mimi niliiacha msimu wa tatu.

Lakini nataka kukaa kwenye moja. The Wire, tamthilia ya HBO, kituo cha Marekani, ilionyeshwa 2002 mpaka 2008, na yahusu mji ninaoishi. Kila msimu wachukua upande mmoja wa Baltimore. Nawaomba, watu wa Mombasa, mtazame msimu wa pili, wa 2003, vipindi 12. Ni wa bandarini. Na muutazame watu wazima peke yenu, watoto wakiwa wamelala, kwa sababu una matusi na damu, na hata mimi sikuutazama mbele ya mama. Wekeni maandishi ya chini, Kiingereza chao ni kizito.

Kuna mzee mmoja humo, Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli. Meli zimepungua. Vijana waja asubuhi kutafuta zamu, wanaambiwa leo hakuna, wenye miaka mingi kazini wametangulia. Yeye ataka mfereji uchimbwe kina ili meli kubwa zirudi, na kwa ajili hiyo awahonga wanasiasa, na pesa ya kuhonga aipata kwa kufumbia macho makontena yanayopotea. Mpaka siku wanapokutwa wanawake wamekufa ndani ya kontena moja. Kuna mahali aonyeshwa video ya bandari ya Rotterdam, mitambo yahamisha makontena yenyewe, watu karibu hakuna. Wenzake wanatazama kama sinema. Yeye uso unambadilika.

Nilisimamisha hapo. Nilimwona babangu. Alikuwa karani wa mizigo Kilindini, na aliondoka duniani kabla reli ya SGR haijafunguliwa 2017. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya Nairobi yote ipande reli, nyinyi mliandamana hapa Mombasa, watu wa malori, watu wa maghala ya kontena, wenye hoteli za njiani mpaka Mariakani. Nilikuwa nawatazama kwa simu. Baadaye nilipomwona Frank kwenye ile video nikajua aliyeiandika alikaa na makuli, akawasikiliza.

Na hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu sisi bandari tunayo. Babu yangu mzaa mama alikuwemo katika mgomo wa makuli wa 1955, ule ambao Tom Mboya alikuja kuusuluhisha. Mama ana visa vyake, vya chakula walichogawana, vya nani alivunja mgomo na hakusalimiwa tena mtaani. Nani ameviweka kwenye TV? Lulu na Rashid, kama video hii itawafikia, nawaomba kwa heshima zote: Kilindini inawasubiri.

Nyinyi mlio na babu au mjomba aliyebeba mizigo pale, mrekodini kwa simu angali ana sauti. Mwulizeni alikuwa analipwa nini, alikuwa anakula wapi, nani alikuwa msimamizi wao. Mimi naanza leo usiku na mama, baada ya kipindi chake kuisha. Ameshanikatalia mara moja, asema hana la kusema, lakini nimemkaangia kaimati.

Hiyo ni adhana ya alasiri. Nashuka.