Kiwiko cha Nyuma cha Mpigaji: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Mtwara

Walimu wenzangu wa Mtwara, na ninyi mliosafiri kutoka Lindi, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Kanuni za besiboli sitazigusa, kwa kuwa mnazifundisha kila wiki. Nataka tushughulike na kiungo kimoja tu, kiwiko cha nyuma cha mpigaji, yaani cha mkono wa kulia kwa yule anayepiga kwa mkono wa kulia, kwa sababu kila ninapopita kando ya uwanja nasikia sauti ileile ikitoka kwa mwalimu, kwa mzazi, hata kwa mtoto anayesubiri zamu yake: “Inua kiwiko! Inua kiwiko!” Nimelisema jambo hili katika mafunzo mengi na leo nalirudia: agizo hilo, likitolewa peke yake, linawaharibia watoto pigo.

Tuutazame kwanza muda alio nao mpigaji. Katika mchezo wa watu wazima mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, na mpira unaokwenda kilomita 145 kwa saa hufika katika takribani sekunde 0.4, ambapo mzungusho wa rungu wenyewe hula kama sekunde 0.15. Watoto wetu hawarushi kwa kasi hiyo, lakini wao husimama karibu zaidi, kwa hiyo nafasi yao ya kufikiri si kubwa kama tunavyodhani. Kiwiko kilichopandishwa hadi usawa wa sikio kina safari ndefu ya kushuka ndani ya muda huo, na mtoto asiye na nguvu za kutosha begani hukiacha hukohuko juu.

Nilikuwa na binti mmoja katika kikosi cha shule, mwembamba, mwenye jicho kali, ambaye alisimama na kiwiko kimelegea kidogo chini ya bega. Hakufundishwa na mtu. Ndivyo mwili wake ulivyotaka, na mipira yake ilipaa juu ya vichwa vya walinzi wa ndani na kuangukia majani ya mbali. Akaja mkufunzi mgeni, akamtazama akiwa bado hajapiga hata mpira mmoja, akamwamuru ainue kiwiko. Mtoto mtiifu akatii. Kuanzia hapo rungu lake likawa linashuka kutoka juu kama mtu anayetwanga, mipira ikabingirika mavumbini hadi miguuni mwa walinzi, na baada ya muda akaniambia kwamba huenda mchezo huu si wake. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Aliyemrekebisha alihukumu picha ya kusimama, wakati mpira haupigwi kwa kusimama! Jambo hili linaniudhi hadi leo, kwa kuwa lingezuilika kwa kusubiri mapigo matano tu kabla ya kufungua kinywa.

Najua mtaniuliza: mbona Ken Griffey Jr., yule mpigaji mashuhuri wa ligi kuu ya Marekani, alisimama na kiwiko kimeinuka, naye akamaliza na mapigo 630 ya kuzunguka vituo vyote? Ni kweli kabisa. Lakini mfuatilieni kuanzia anapokita mguu wa mbele: nyonga zinageuka, bega la nyuma linashuka, na kile kiwiko kinateremka hadi ubavuni kabla rungu halijafika mbele. Mahali kilipoanzia ni mtindo wake. Mahali kilipopitia ndiyo kazi yenyewe, na hapo wapigaji wakubwa hufanana, wawe walianza juu au chini.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mrushaji wa ligi kuu husimama juu ya kichuguu cha sentimita 25 na hurusha kutoka juu ya bega, kwa hiyo mpira unamfikia mpigaji ukiwa unashuka. Rungu linalotaka kukutana nao kwa uhakika lazima liingie mapema katika njia hiyo na kupanda kidogo, jambo ambalo Ted Williams, mpigaji mwingine wa ligi hiyo aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, yaani takribani mapigo manne yaliyofanikiwa katika kila zamu kumi, alilitetea maisha yake yote. Kiwiko kinaposhuka ubavuni, kigasha huingia nyuma ya rungu na chini yake, na wakati wa kugusa mpira kiganja cha mkono wa juu hutazama mbinguni na cha mkono wa chini hutazama ardhi. Tena, kinachobaki karibu na kiwiliwili huzunguka upesi, ilhali mkono ulionyooshwa mapema huwa mzito na huchelewa. Watoto wetu wanalijua hili kwa mikono yao: mwambieni mwanafunzi akafyeke majani nyuma ya darasa, kisha tazameni kama yupo anayeshika fyekeo huku kiwiko kiko sikioni.

Hata hivyo, msiondoke hapa mkaanza kupiga kelele za “shusha kiwiko,” maana upo ugonjwa wa pili: kiwiko kinachoshuka na kuvitangulia viganja kuelekea mbele, rungu likaburuzwa nyuma na kuchelewa. Chanzo chake mara nyingi ni rungu zito. Wachezaji wa ligi kuu ya Marekani hutumia marungu ya takribani gramu 900, nasi tunampa mtoto wa darasa la sita gogo la mninga! Mchongeeni jepesi, na mfundisheni kuanza na nyonga, mikono ifuate.

Kuhusu kunyoosha mkono nitasema moja tu: kiwiko cha nyuma bado kimekunjwa wakati wa kugusa, na hunyooka mara baada ya hapo. Mkono wa mbele nao ulistahili saa nzima, lakini jua linapungua. Twendeni uwanjani wawiliwawili, mmoja apige na mwingine asimame pembeni, amtazame kiwiko kuanzia mguu unapokitwa, wala asiseme neno hadi mapigo matano yaishe.