Kipuri Kipi Kwanza? Mhadhara Kuhusu Kuiboresha Bunduki Nusu-Otomatiki ya Michezo

Waheshimiwa viongozi wa chama, walimu wa shabaha, na ninyi ndugu zangu mnaoanza mchezo huu, ninawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mada niliyopewa ni kuiboresha bunduki nusu-otomatiki ya michezo, yaani ile inayojipakia yenyewe lakini hutoa risasi moja tu kila kidole kinapovuta, kwa kutumia vipuri visivyotoka katika kiwanda kilichoiunda. Nimechagua kuzungumza kupitia bunduki moja, Ruger 10/22, kwa kuwa wengi wenu mmeishika, na kwa kuwa sijui bunduki nyingine ya aina hii ambayo imefunguliwa na kufungwa upya na mikono mingi ya watu wa kawaida kama hiyo.

Bunduki hii ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1964. Hutumia risasi ndogo ya .22 Long Rifle (.22 ni kipenyo kwa inchi), ambayo ni kongwe zaidi kuliko bunduki yenyewe, kwani ilibuniwa mwaka 1887. Waliouchora mtambo wake waliurahisisha kwa namna ambayo bado inanistaajabisha: mtutu unashikwa kwenye kiunzi, yaani mwili wa bunduki unaobeba mtambo, kwa kipande cha chuma chenye mkato wa V na skrubu mbili tu, mfumo mzima wa kifyatuo umo ndani ya kisanduku kimoja kilichopachikwa kwa pini mbili, na risasi 10 hukaa katika magazini ya kuzunguka isiyochomoza chini ya kitako. Wepesi huo wa kufungua ndio uliozaa soko la vipuri. Leo mtu anaweza kununua kiunzi, bolti (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu), kifyatuo, mtutu, kitako na magazini kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, akaunganisha bunduki nzima isiyo na hata kipande kimoja cha kiwanda cha asili.

Wasiwasi wangu unaanzia hapo. Kwa kuwa kila kitu kinaweza kubadilishwa, wengi hubadilisha kwa mpangilio wa tamaa, wakianza na kinachoonekana kwa mbali na kumalizia na kinachogusa mwili wa mlengaji, ilhali usahihi huenda kinyume chake kabisa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Bunduki yangu ya kwanza ilitawanya matundu kwenye karatasi, nikaamua kwamba mtutu ndio mbovu, nikanunua mtutu mnene na kitako cha kuupokea. Matundu yakaendelea kutawanyika vilevile. Baada ya majuma kadhaa mzee mmoja aliyekuwa akilenga kando yangu aliishika darubini yangu kwa vidole viwili, ikacheza: skrubu ya pete iliyoishikilia ilikuwa imelegea tangu mwanzo. Mtutu nilioutoa haukuwa na kosa lolote, na bado ninao.

Kwa hiyo naomba tuanze na kitu ambacho si kipuri kabisa, yaani risasi. Mtutu mmoja unaweza kuikubali aina moja ya risasi na kuikataa nyingine, na hakuna anayeweza kuwaambia kabla ya kujaribu. Risasi ya kasi ya juu hutoka mdomoni mwa mtutu kwa takriban mita 380 kwa sekunde, na kabla ya kufika mita 100 huwa imeshuka chini ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Katika kuuvuka mpaka huo hewa huitikisa, na mtikiso huo huonekana kwenye karatasi. Risasi ya kasi ya wastani, inayotoka kwa takriban mita 326 kwa sekunde, iko chini ya mpaka huo tangu mwanzo, na ndiyo sababu walengaji wa shabaha wengi huipendelea. Nunueni aina tano au sita, boksi moja moja. Kila mnapobadilisha aina, pigeni kwanza risasi kadhaa zisizohesabiwa, maana nta na madini ya risasi hupaka mtutu kwa ndani na mtutu huhitaji muda wa kuzoea upako mpya. Kisha pigeni makundi matano ya risasi tano tano, mpime upana wa kila kundi na kuandika. Matundu matatu yaliyogusana hayathibitishi chochote. Nimeona watu wakipiga picha kundi moja la bahati na kulitumia kutetea kipuri cha bei kubwa.

Baada ya risasi, angalieni mahali bunduki inapokutana na mwili. Kitako cha kiwandani kimekatwa kwa mtu wa wastani ambaye pengine hayupo katika ukumbi huu, na tena kilichorwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyo karibu na mtutu. Mnapofunga darubini, jicho linapanda juu, shavu linaachana na ubao, na kuanzia hapo kichwa kinaelea hewani. Kila mkivuta, jicho liko mahali tofauti kidogo. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka, nalo ni paralaksi. Darubini hurekebishwa ili picha ya shabaha na alama ya msalaba zikae katika usawa mmoja kwa umbali fulani. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kwa yadi 100 au zaidi, ilhali zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hurekebishwa kwa yadi 50, yaani kama mita 46. Mkitumia ya bunduki kubwa kwa shabaha iliyo karibu, jicho likihama kidogo na msalaba nao huhama juu ya shabaha, hata kama bunduki imetulia kama jiwe. Basi shavu lisilo na pa kuegemea na darubini isiyo ya umbali wenu vinashirikiana kuwaharibia, na mtutu hauna hatia. Kitako chenye ubao wa shavu unaopandishwa na kushushwa, na urefu unaorekebishwa, ndicho kipuri ambacho ningekinunua kabla ya vingine vyote. Na asiye na uwezo huo anaweza kufunga kipande cha sponji ngumu juu ya kitako chake cha zamani akapata sehemu kubwa ya faida ileile.

Sasa nije kwenye kifyatuo, na hapa nitakuwa mkali. Kifyatuo cha kiwandani huhitaji mvuto wa kilo mbili na nusu hivi, na bunduki nzima ina uzito wa takriban kilo mbili na robo tu. Fikirini: mnavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kitu mnachotaka kisitikisike. Kwa hiyo kifyatuo kilichopunguzwa hadi kilo moja na robo, ambacho hata mtengenezaji wa bunduki yenyewe anakiuza kikiwa kamili ndani ya kisanduku chake, huleta tofauti ambayo kila mtu huihisi siku ya kwanza. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kununua kisanduku kamili kilichopimwa na kuchukua tupa kwenda kupunguza nyumbani kingo za kishikizo kinachoizuia nyundo inayofyatua risasi. Kingo hizo zikizidi kulainishwa, nyundo inaweza kuanguka bunduki ikigongwa, au ikaifuata bolti inaporudi mbele. Bunduki nusu-otomatiki ikitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja hata mara moja, ondoeni magazini, hakikisheni chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu, na msiitumie tena mpaka fundi wa bunduki mwenye leseni ameikagua. Hiyo ni silaha iliyoharibika, na katika baadhi ya nchi kuwa nayo katika hali hiyo kunaweza kuwa kosa la jinai.

Kuhusu bolti na springi yake sina mengi. Bunduki hii haina kufuli ya kuifunga bolti. Ni uzito wake na springi tu vinavyoizuia mpaka kichwa cha risasi kitoke mtutuni. Anayebadilisha springi kuwa ngumu zaidi ajue kwamba risasi za nguvu ndogo zinaweza kushindwa kuirudisha bolti hadi mwisho, na maganda yakaanza kukwama. Ile pini ya plastiki ngumu inayowekwa badala ya pini ya chuma nyuma ya bolti hupunguza kishindo cha chuma kugonga chuma, ni rahisi, na sijaona ubaya wake.

Mtutu nimeuweka mwisho kwa makusudi. Mtutu mnene wa milimita 23 una faida, kwa sababu haupindiki kwa urahisi, haupati joto upesi, na uzito wake mbele hutuliza mikono. Faida yake haitokani na urefu: baruti ya risasi ndogo kama hii huwa imefanya karibu kazi yake yote ndani ya sentimita 40 hivi, na mtutu wa kiwandani tayari una sentimita 47. Muulizeni muuzaji kuhusu chemba. Chemba ya mashindano, iliyobana, huishika risasi kwa usahihi zaidi, lakini hupata taabu na risasi chafu au za bei nafuu, na wakati mwingine risasi isiyopigwa hugoma kutoka. Kuna chemba ya kati iitwayo Bentz, ambayo ilichorwa kwa ajili ya bunduki zinazojipakia, nayo ndiyo ninayoishauri kwa asiyeshindana kila juma. Kumbukeni pia kwamba mtutu mnene hautaingia katika mfereji wa kitako cha zamani, na kwamba uzito mkubwa unaoning'inia kwenye skrubu mbili na kiunzi cha alumini huweza kuuinamisha mtutu kidogo, hadi darubini ikakosa nafasi ya kurekebishwa.

Sheria lazima itajwe, kwa kuwa kipuri kinachouzwa kihalali katika nchi moja kinaweza kumfikisha mtu gerezani katika nyingine. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1934, mtutu wa bunduki ya aina hii ukiwa chini ya inchi 16 huiingiza silaha katika kundi la kusajiliwa kwa masharti maalumu. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1988, bunduki ndefu zinazojipakia zimepigwa marufuku isipokuwa zile za .22 zinazopigwa kwenye ukingo wa ganda. New Zealand, katika marufuku ya mwaka 2019, iliziacha hizohizo, ila kwa magazini isiyozidi risasi 10. Mnaona kwamba magazini kubwa tu, ambayo haiongezi usahihi hata kwa unywele, inaweza kuibadilisha bunduki halali kuwa haramu. Ulizeni polisi au mamlaka ya leseni kabla ya kuagiza, na jibu lao liwe kwa maandishi.

Limebaki jambo la kusafisha. Kiunzi cha kiwandani cha bunduki hii kwa kawaida hakina tundu nyuma, kwa hiyo fimbo ya kusafishia huingizwa kupitia mdomoni, na hapo ndipo ukingo wa mwisho unaoiaga risasi unapokwaruzwa kidogo kidogo. Wako mafundi wanaotoboa tundu nyuma ya kiunzi ili fimbo ipite upande wa chemba, na viunzi vingi vya watengenezaji wengine huja nalo tayari. Asiyetaka kutoboa atumie kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka chemba kuelekea mdomoni.

Nimeiweka mezani bunduki yangu ikiwa imefunguliwa, magazini imetolewa na chemba imekaguliwa na watu wawili. Kando yake kuna daftari la miaka minne lenye vipimo vya kila kundi kabla na baada ya kila kipuri, pamoja na ule mtutu wa zamani. Waliokaa nyuma wasogee, watazame kwanza daftari.